Kubana kifua wiki ya hedhi: mwongozo kamili wa kupunguza maumivu bila kujiumiza

Wanaonijia kuuliza kwa nini kubana kifua huuma sana karibu na hedhi huwa na kisa kilekile. Binda, yaani fulana ya kubana kifua, ilinunuliwa kwa vipimo sahihi, ikavaliwa wiki tatu bila shida, kisha ghafla ikawa adui. Mbavu zinachoma, kifua kinauma hata kikiguswa na shati, pumzi haifiki chini. Siku chache baadaye hedhi inaingia. Mwenyewe anadhani binda imesinyaa kwa kufuliwa, au yeye amenenepa. Basi anabana zaidi, maana hizo ndizo siku ambazo kifua huonekana kuliko siku nyingine zote.

Kosa liko kwenye hesabu ya siku. Kifua hakianzi kuuma damu inapotoka. Huanza kabla, mara nyingi wiki moja nyuma, na kwa wengine hata mbili. Yai likishatoka, estrojeni na projesteroni hufanya vijifereji na vitezi vya kifua vivimbe, na tishu zishike maji. Damu ikianza, homoni hizo zimeshashuka, na uvimbe hupungua ndani ya siku chache. Anayesubiri damu ndipo ajipange amechelewa wiki nzima.

Mwongozo huu ni wa wanaume trans, yaani wanaume waliodhaniwa wasichana walipozaliwa, na wengine wote wanaobana kifua huku bado wanapata hedhi. Nitasema "kifua" tu, kwa kuwa wengi wetu hatulipendi lile neno jingine. Na nikisema "binda" namaanisha fulana iliyoshonwa maalumu kwa kazi hiyo, si kila kitu kinachoweza kubana.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo, au kalenda ya simu yenye nenosiri
- Futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani
- Binda yako ya kila siku
- Nguo ya pili iliyo laini zaidi: binda ya saizi moja juu, au sidiria ya michezo isiyo na waya
- Fulana nyembamba ya pamba isiyo na mishono minene
- Mashati mawili matatu mapana, ya rangi nzito au yenye michoro
- Kitu cha baridi cha kukandia kifua, na chupa ya maji ya moto kwa ajili ya tumbo
- Dawa ya maumivu unayojua haikudhuru
- Alamu ya simu

Sasa vya kuweka mbali. Bandeji ya kuvutika, ile ya kufungia kifundo kilichoteguka, haifai hata kwa saa moja. Huweza kuzidi kukaza kadiri mwili unavyosogea, na kifua husogea kwa kila pumzi. Kila ukitoa pumzi inajikaza, na ukivuta nyingine haikuachii nafasi. Seloteipu ya kufungia mizigo ni mbaya vilevile: haina mvutano wowote na huondoka na ngozi. Plastiki ya jikoni hufungia jasho ndani. Najua vitu hivi hutumika kwa sababu binda ni ghali au haipatikani, au haiwezi kufika nyumbani bila maswali. Sidiria ya michezo inayokutosha vizuri, pamoja na shati la mistari, ni bora kuliko vyote hivyo, na hakuna atakayeuliza umeipata wapi.

## Hatua ya 1: Jua kifua chako kinaanza lini

Kwa mizunguko miwili au mitatu, kila usiku ukishavua, andika mambo matatu: umevaa kwa muda wa saa ngapi, maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10 ukibonyeza kifua kwa vidole, na kama kuna damu. Sekunde 30 zinatosha.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Kwa watu wengi yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, hata kama mzunguko wenyewe ni mrefu. Mwenye mzunguko wa siku 30 yai lake hutoka karibu na siku ya 16, na kifua huweza kuanza kujaa wakati wowote baada ya hapo. Daftari likikuonyesha kwamba namba hupanda kuanzia siku ya 23, basi siku ya 22 ndiyo ya kubadilisha nguo.

Hedhi yako haina mpangilio? Hilo ni la kawaida sana kwa walioanza karibuni kutumia testosteroni, homoni ya kiume. Achana na kalenda, fuata kifua chenyewe. Maumivu ya namna hii huwa pande zote mbili, mazito zaidi upande wa juu karibu na kwapa. Asubuhi ukijigusa hapo ukashtuka, wiki ngumu imeanza.

Kama simu yako hushikwa na watu wengine, tumia alama: nukta, nyota, herufi moja. Hakuna sababu ya kuandika neno "hedhi" mahali ambapo macho ya mtu yatatua.

Hatua hii imekamilika siku utakapoweza kusema "kesho au keshokutwa kitaanza" na kweli kikaanza.

## Hatua ya 2: Jipime mara mbili, si mara moja

Hapa ndipo wengi huteleza. Hujipima mara moja maishani, tena siku waliyoamka wakiwa na ari ya kununua, wakaamini namba hiyo ni ya kudumu.

Jipime mara ya kwanza siku chache baada ya damu kukoma. Jipime tena siku 2 au 3 kabla ya hedhi inayofuata. Zungusha futi penye ujazo mkubwa zaidi wa kifua, kisha chini yake kwenye mbavu, na upime upana wa mabega kama jedwali la saizi linauhitaji. Simama wima, pumua kawaida, na usiivute futi ikazama kwenye nyama. Anayeminya futi ili apate namba ndogo anajidanganya mwenyewe, na binda itakuja kumsuta.

Kipimo cha mbavu hakitabadilika sana. Cha juu kinaweza kupanda sentimita moja, mbili au zaidi. Ukilinganisha na jedwali la mtengenezaji, mara nyingi utakuta vipimo viwili hivyo vimeangukia kwenye saizi mbili tofauti. Hilo likitokea, jibu unalo: wewe ni mtu wa saizi mbili, na binda uliyonayo ni ya saizi moja.

## Hatua ya 3: Chagua nguo ya wiki ngumu

Kabla ya kuchagua, elewa jambo moja litakalokuokoa na mateso mengi. Kifua kilichojaa maji hakishindiliki. Ukikibana zaidi, hakibapi, kinahama. Kinatokea kwapani, kinapanda karibu na mfupa wa bega, na juu ya binda kunatokea tuta linaloonekana kwenye shati kuliko kifua chenyewe kilivyokuwa. Kwa hiyo binda ndogo haikupi hata kile ulichokuwa unakitafuta.

Binda ya saizi moja juu. Ndilo chaguo langu la kwanza kwa mwenye uwezo wa kuwa na mbili. Wengine huihifadhi binda ya zamani iliyolegea kwa kazi hii badala ya kuitupa. Ni akili nzuri, mradi isiwe imejikunja kingo zikawa kamba.

Binda fupi badala ya ndefu. Binda inayoshuka hadi nyonga hubana tumbo, na wiki hii tumbo nalo limejaa gesi na msokoto. Inayoishia chini kidogo ya kifua huacha tumbo huru na diaframu, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, ishuke.

Sidiria ya michezo. Haitabapisha kama binda, lakini siku ambazo maumivu ni namba 6 na kuendelea ndiyo ninayoivaa. Tafuta isiyo na waya wala vikombe. Usivae mbili za kubana moja juu ya nyingine. Hapo umerudi kulekule.

Tepu ya misuli, ile ya wanamichezo inayobandikwa kwenye ngozi. Huwapendeza wengi kwa kuwa mbavu hubaki huru. Shida yake wiki hii ni ngozi: kubandika si kazi, kubandua kifua kilichovimba ndiko kunakoleta machozi. Kama utaitumia, jaribu kipande kidogo siku nzima kabla, funika chuchu kwa kitambaa laini, vuta kutoka mbele kuelekea ubavuni, na kamwe usiizungushe mwili mzima. Ukibandua, loweka kwa mafuta dakika kadhaa, kisha uivute polepole ikiwa imelala juu ya ngozi.

Tabaka. Fulana, juu yake shati zito lililoachwa wazi vifungo. Mifuko ya kifuani na michoro huvunja umbo. Shati jepesi la rangi moja hufichua kila kitu.

Nguo inafaa ikiwa imepita majaribio haya matatu. Inua mikono yote miwili juu: isikate kwapani. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini: kiingie bila kupigania nafasi. Kisha hesabu kwa sauti kuanzia moja, kwa pumzi moja, kwanza bila kuvaa halafu ukiwa umevaa. Ukifika 30 bila nguo na 28 ukiwa nayo, sawa. Ukiishia 19, irudishe kabatini.

## Hatua ya 4: Vaa bila kuvuta

Njia ya kuivaa kupitia kichwani humlazimu mtu kuiburuza binda juu ya kifua chenye maumivu. Wiki hii jaribu kuiingia kwa miguu. Igeuze ndani nje na juu chini, ingia kama unayevaa suruali, ipandishe hadi kiunoni, kisha kamata mikanda ya mabega uipandishe juu huku ikijigeuza. Kama nyonga zako ni pana kuliko binda inavyoruhusu, rudi kwenye njia ya kichwani lakini vaa fulana ya pamba kwanza ili kitambaa kiteleze.

Ikishakaa, ingiza kiganja ndani na upange kifua kila upande: kielekee chini kidogo na nje, kuelekea ubavuni. Usikisukume juu. Usikikutanishe katikati. Ukimaliza, chuchu zisiwe zimekunjwa, maana kukunjwa huko kwa saa kadhaa ndiko huleta ule uchungu wa kuchoma ambao watu huudhania ugonjwa.

Ngozi iwe kavu kabisa. Kuvaa ukiwa umetoka kuoga na hujakauka vizuri ni kukaribisha fangasi.

## Hatua ya 5: Punguza saa, na uzigawe

Kanuni inayofahamika ni kutovuka muda wa saa 8 kwa siku, na kutolala na binda. Wiki ngumu mimi hukata nusu: saa 4, tukivuka sana 6, na katikati kuna mapumziko.

Ukivaa saa 2 asubuhi, weka alamu ya saa 5. Nenda chooni, vua au shusha binda hadi kiunoni kwa dakika 10, vuta pumzi ndefu tano, ndipo uvae tena. Vua kabisa saa 8 mchana. Kama kazi au shule haikuruhusu kuvua saa hiyo, anza siku na sidiria ya michezo na uitunze binda kwa zile saa chache ambazo kweli unaihitaji: mkutano, safari, kupita mahali fulani. Binda si sare ya siku nzima.

Utafiti uliochapishwa 2017, uliohoji watu 1,800 wanaobana kifua, ulikuta zaidi ya asilimia 97 wamepata angalau tatizo moja la mwili kutokana na kubana, na idadi ya siku kwa wiki ikajitokeza kama jambo lenye uzito mkubwa kwenye matatizo hayo. Ndiyo maana nawaambia watu: ukitaka kupunguza kitu kimoja tu, punguza siku.

Tahadhari mbili. Usifanye mazoezi ukiwa na binda. Mwendo wa haraka au mazoezi mepesi husaidia tumbo la hedhi, lakini mapafu yanahitaji nafasi, basi vaa sidiria ya michezo. Na mwenye pumu ajue kwamba kwa baadhi ya watu pumu huzidi siku za karibu na hedhi. Dawa yako ya kuvuta iwe mfukoni, na kifua kikianza kupiga mluzi binda itoke kwanza.

## Hatua ya 6: Vua, kohoa, nyoosha

Kuna jioni moja nilikwama. Mikono juu, binda imejikunja kuwa kamba nene usawa wa masikio, kifua kimejaa, jasho linatiririka, na siwezi kuirudisha chini wala kuitoa. Nilikaa chini sakafuni mgongo ukiwa ukutani, nikasubiri moyo utulie, ndipo nikaitoa bega moja moja. Dakika tano ndefu. Tangu hapo siivui kwa haraka wala nikiwa nimelowa.

Fanya hivi: toa mkono mmoja kwenye mkanda wa bega, kisha wa pili, halafu ishushe binda hadi kiunoni uitoke kwa miguu. Kama haipiti nyonga, pindua ukingo wa chini mara moja tu, shika kwa mikono iliyopishana, na upandishe upande mmoja kwanza. Ikikataa kabisa, mkasi upo. Binda hununuliwa tena.

Ikitoka, kohoa kwa nguvu mara mbili tatu ili kufungua mapafu na kusogeza makohozi. Kisha nyoosha: simama kwenye fremu ya mlango, weka mikono pande zote mbili, songa mbele kidogo hadi kifua kifunguke, hesabu 30. Zungusha mabega nyuma mara 10. Lala chali na kiganja tumboni, pumua hadi kiganja kipande, mara 10.

Alama za mishono kwenye ngozi zinapaswa kufifia baada ya muda mfupi. Zikikutana na asubuhi, nguo ni ndogo.

## Hatua ya 7: Tuliza maumivu yaliyobaki

Baridi kwa kifua, joto kwa tumbo. Kanda kifua kwa kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15. Chupa ya maji ya moto weka chini ya kitovu. Usiweke chochote cha moto au cha barafu ndani ya binda: kikibanwa juu ya ngozi huunguza bila wewe kuhisi mapema.

Ibuprofeni hupunguza prostaglandini, zile kemikali zinazosokota mji wa mimba, kwa hiyo husaidia tumbo na kifua kwa pamoja. Kwa mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, kila baada ya saa 6 hadi 8, bila kuvuka 1,200 kwa siku kama hujaandikiwa na daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au pumu inayochokozwa na aspirini asiiguse. Paracetamol ndiyo mbadala wa kawaida, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Jeli ya diklofenaki ya kupaka nayo hutumika kwa maumivu ya kifua ya namna hii. Muulize mfamasia kwanza, usiipake kwenye chuchu, na usiifunike kwa binda.

Lakini nisikilize hapa. Dawa hainywewi ili uongeze saa za binda. Maumivu ndiyo kengele pekee uliyonayo ya kukwambia mbavu zimechoka. Ukiinyamazisha saa 3 asubuhi ili ufike jioni ukiwa umebanwa, umeing'oa kengele na moto umeuacha. Meza ukishavua, au siku uliyovaa kitu laini.

Kahawa? Wapo wanaosema wakiipunguza wanapata nafuu. Jaribu mzunguko mmoja, daftari litakujibu. Vidonge vya virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya maumivu haya singevitolea pesa.

Usiku, lala na fulana laini iliyolegea. Anayelala ubavu akumbatie mto mwembamba ili kifua kisining'inie.

## Hatua ya 8: Linda ngozi

Jasho likikaa kwenye mkunjo chini ya kifua, ngozi hulainika, ikachubuka, fangasi akaingia. Utaona wekundu au weusi unaong'aa, muwasho, wakati mwingine harufu. Vaa fulana nyembamba ya pamba chini ya binda, osha mkunjo huo kila jioni, ukaushe kwa kugusagusa taulo badala ya kusugua. Ukishaona dalili, acha kuvaa binda hadi ngozi ipone, na mfamasia atakupa krimu ya fangasi.

Fua binda kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo. Usiikamue kwa kuisokota. Ilaze kati ya taulo mbili, zikunje pamoja, zikanyage. Taulo zitanyonya maji mengi na itakauka haraka hata ikitundikwa ndani ya kabati lililo wazi. Hilo ni la maana kwa anayeishi na watu ambao hataki waione kwenye kamba. Joto kali huua mvutano wa kitambaa.

## Hatua ya 9: Panga siku moja isiyo na binda

Iwe siku ambayo daftari linaonyesha namba ya juu kabisa. Ipange kabla haijafika, kama unavyopanga safari: shati gani, utakuwa wapi, nani ataonana na wewe. Siku isiyopangwa humkuta mtu akiwa kwenye kioo saa 1 asubuhi, amechelewa, na kioo kikishinda binda inavaliwa.

Sitajifanya kwamba siku hiyo ni nyepesi. Damu na kifua vikikutana, mwili unaweza kukusemesha kwa jina ambalo si lako tangu alfajiri. Wengine hufunika kioo. Wengine huoga gizani. Mimi huvaa koti la zamani lenye mifuko mizito na kuweka simu na funguo kifuani, na kwa namna fulani uzito ule hunituliza. Mtu mmoja anayekuita jina lako, hata kwa ujumbe wa simu, anafaa kuliko ushauri wangu wote.

Umefaulu ukimaliza siku hiyo, na kesho yake namba imeshuka.

## Ukiona haya, vua na utafute matibabu

Vua mara moja na uende hospitali bila kusubiri kama unakosa pumzi na haikurudi baada ya kuvua, una maumivu ya kifua yanayokandamiza au kusambaa, au umezimia.

Panga kumwona daktari ndani ya siku chache ukiwa na:

- Maumivu makali ya sehemu moja ya ubavu ukivuta pumzi au kukohoa. Mbavu huweza kupata ufa
- Ganzi au kuchomwachomwa mikononi na vidoleni
- Uvimbe mgumu ambao haukuondoka hedhi ilipoisha
- Maumivu ya upande mmoja tu, au majimaji, hasa ya damu, kwenye chuchu
- Kifua chenye moto na wekundu pamoja na homa

Na jambo moja husahaulika: kifua kinachouma huku hedhi haiji kinaweza kuwa mimba. Testosteroni si kinga ya mimba, hata kama damu imekoma miezi mingi. Kama kuna uwezekano, pima.

## Maumivu yakirudi kila mwezi licha ya hayo yote

Basi tatizo si nguo tena, ni mzunguko wenyewe, na unaweza kutulizwa. Kwa wengi wanaotumia testosteroni hedhi hukoma ndani ya miezi kadhaa. Kwa wasioitumia au wasiotaka, zipo njia za homoni za kupunguza au kusimamisha damu: vidonge vinavyomezwa mfululizo bila kuruka wiki, sindano, kitanzi chenye homoni. Kila moja ina tabia zake, na baadhi huweza kuumiza kifua miezi ya mwanzo, kwa hiyo ulizia hilo waziwazi kabla ya kuchagua.

Kwa daktari nenda na daftari la miezi mitatu na binda yenyewe kwenye mfuko. Ukiogopa kuanza maneno, sema hivi: "Huwa navaa nguo ya kubana kifua kila siku, na wiki kabla ya hedhi maumivu hufika 8 kati ya 10." Sentensi hiyo haimlazimu ajue maisha yako yote, ila inampa kila anachohitaji ili aanze kukupima. Ukiulizwa kwa nini unavaa, kiasi cha kueleza ni chako. Binda ivue kabla hujaingia chumba cha daktari, ili anaposikiliza mapafu ayasikie yakiwa huru.